Ufundi wa sauti au hisia? Tuwaulize Bagika na Bagalu

Mwezi wa pili mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu kutoka Songwa, kule Kishapu, akiwa amekauka sauti kabisa. Nilidhani ni mafua. Kumbe ametoka kwenye mkesha ambako aliongoza mapambio usiku kucha, "kwa hisia zote," kama alivyosema mwenyewe, na sasa kila akifungua mdomo unatoka mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Siku 3 baadaye kwaya yake ilichagua nani ataongoza nyimbo za kurekodi. Hakuchaguliwa.

Kilichomuuma zaidi ni maneno. Mwalimu wa kwaya alimwambia hisia anazo, ufundi hana. Sauti iliporudi akaanza mazoezi kama alivyoelekezwa: mabega chini, mdomo duara, pumzi itoke tumboni. Mama yake akamsikiliza akiwa jikoni, akasema, "Sasa unaimba vizuri, ila wewe mwenyewe sikusikii." Basi swali likaja kwangu: "Kaka, nishike kipi? Maana nikishika kimoja kingine kinaniponyoka, na mimi nakaribia kuacha."

Mimi si mwimbaji, hilo nyumbani wanalijua. Shahada yangu ya umahiri ni ya historia, na ninayo tabia ambayo wenzangu wa sayansi hunicheka nayo: nikiulizwa swali, nauliza kwanza swali lenyewe limeanza lini. Hili la ufundi dhidi ya hisia, ukilipeleka kwa waimbaji wa zamani wa Usukuma, nadhani wangekutazama tu. Si kwamba hawakuwa na ufundi, au hawakuwa na hisia. Ni kwamba aliyewapima alikuwa mwingine kabisa.

Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 walikuwepo waganga wawili Usukumani, Ngika na Gumha, wote wachezaji hodari, kila mmoja akijigamba kwamba dawa yake inaishinda ya mwenzake. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu. Ushindani wao ukawarithi wajukuu na vitukuu, na mpaka leo, mavuno yakiisha, makundi ya pande hizi mbili hukutana uwanjani. Huko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, Padri David Clement aliyejenga kituo kile miaka ya 1950 aliupa mchezo huu nafasi katika sikukuu ya Bulabo, kwa hiyo hata wasio Wasukuma wengi wameuona hapo.

Kama hujawahi kuuona, hebu jaribu kupata picha. Makundi mawili yanacheza kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Si zamu. Ngoma zinapigwa huku na huku, nyimbo zinaimbwa huku na huku. Kwa desturi ya asili hapakuwa na jaji mwenye karatasi ya alama. Watazamaji wenyewe wanahama: wanaona huku kumepoa wanakwenda kule, wanasikia kicheko huku wanarudi. Kundi lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Yaani kura zinapigwa kwa miguu.

Ndiyo maana yale makundi yalikuwa na dawa za mvuto, ile iitwayo samba, na ndiyo maana walibuni vitu vya kushangaza: vinyago, nyoka hai, michezo ya kuogofya. Wasomi wengine wakifika hapo huanza kutabasamu. Mimi sitabasamu sana. Hawa watu walielewa jambo ambalo wauza matangazo wa leo wanalipwa kulielewa, kwamba masikio ya watu ni mali adimu na jirani yako anayataka pia.

Katikati ya yote hayo alisimama ningi, kwa wingi baningi, yule ambaye kwa Kiswahili tungemwita manju. Ndiye mtunzi na ndiye mwimbishaji. Anatunga kijembe cha kumrushia mpinzani, anatoa habari za mwaka, anasifu ng'ombe, anamsema chifu au karani wa pamba. Maneno yake yasiposikika, kicheko hakitoki. Kicheko kisipotoka, watu wanahama.

Sasa weka fizikia kidogo hapo. Mahali pa wazi, kila umbali kati ya mwimbaji na msikilizaji unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Mbuga za Shinyanga hazina ukuta wa kukurudishia sauti, na upepo wa mwezi wa 7 unaujua mwenyewe. Ongeza ngoma kubwa za kundi lako, ongeza za adui. Kupiga kelele hakusaidii, kwa sababu ngoma itakushinda tu. Kinachosaidia ni kuwa na sauti yenye makali mahali ambapo ngoma haina nguvu. Nguvu nyingi za ngoma kubwa ziko kwenye mawimbi ya chini, wakati sikio la binadamu lina wepesi zaidi kati ya hezi 2000 na 5000 hivi. Miaka ya 1970 Johan Sundberg, mtafiti wa Sweden, alionyesha kwamba waimbaji wa opera husikika juu ya okestra nzima bila kipaza sauti kwa kukusanya nguvu za sauti karibu na hezi 3000, pale ambapo okestra imepungukiwa. Wanafanya hivyo kwa namna wanavyotengeneza nafasi ndani ya koo, si kwa kusukuma zaidi. Sundberg alipima waimbaji wa opera, hakupima baningi, na mitindo yao haifanani. Lakini fizikia haina kabila: yeyote aimbaye nje, mbele ya ngoma, lazima atafute njia yake ya kupenya hapo.

Na pumzi je? Hapa ndipo napenda kukaa kidogo. Bugobogobo, ngoma ya majembe unayoiona kwenye sherehe za serikali majembe yakirushwa hewani, ilianza kama kazi. Vijana walilima kwa vikundi, ngoma ikitembea nao kwenye tuta, wimbo ukishika mwendo wa majembe. Kilimo cha pamba kilipopanuka katikati ya karne ya 20, miaka ambayo vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa viliungana na kuwa Victoria Federation mwaka 1955, mashamba yalikuwa makubwa na mikono ilihitajika. Jaribu mwenyewe kulima huku unaimba. Jembe likishuka tumbo linabana na hewa inatoka, upende usipende, likipanda unavuta. Ukitaka mstari wa wimbo ufike mwisho, lazima ujifunze kuigawa hewa ile. Hayo maelezo ya mwalimu wa kwaya, "pumzi itoke tumboni," kijana wa bugobogobo hakuambiwa. Mgongo na tumbo vilimfundisha, saa nyingi, msimu baada ya msimu.

Kwa hiyo ufundi ulikuwepo, tena mkali. Haukuwa na jina tu, kwa kuwa ulikaa ndani ya kazi na ndani ya shindano. Na hisia? Hapa naona ndipo mdogo wangu alipopotea, na si yeye peke yake. Hisia zilizohesabiwa uwanjani hazikuwa za mwimbaji. Ningi angeweza kuwa ana huzuni, ana njaa, ana deni la ng'ombe, hakuna aliyeuliza. Iliyohesabiwa ni ya msikilizaji: amecheka, ameshtuka, amesogea au hajasogea?

Mgawanyiko tunaoujua leo ulikuja kwa njia kadhaa. Mmoja wa watu wake ni Manuel García, Mhispania aliyefundisha uimbaji London. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakitia nyuma ya koo lake mwenyewe, akakimulika kwa mwanga wa jua kwa msaada wa kioo cha pili, na akaziona nyuzi zake za sauti zikifanya kazi. Mwaka uliofuata taarifa yake ilisomwa Royal Society. Tangu hapo koo likawa kitu cha kutazamwa, na uimbaji ukaweza kufundishwa kama mazoezi ya kiungo. Miaka hiyo hiyo, Uingereza, John Curwen alikuwa anaeneza solfa, zile do re mi za herufi ambazo wamisionari walizibeba Afrika. Mwalimu anayeziandika ubaoni kule Songwa ni mrithi wake, ajue asijue. Kwaya ikaleta sauti ya kwanza hadi ya nne, na kosa ambalo ningi hakulijua sana: kutoka nje ya nota. Kosa hilo linasikika hata kama kanisa ni tupu. Msikilizaji si lazima tena.

Kisha ikaja mashine. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikuwa binti maskini aliyeuza vyungu, na husimuliwa kwamba alinadi biashara yake kwa kuimba akipita mitaani. Mtaa ndio uliompa sauti ya kufika mbali. Alipohamia mjini mwaka 1911 alifundishwa taarabu, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Hebu fikiria mwanamke aliyezoea kutazama nyuso akisimama mbele ya maikrofoni isiyocheka wala kuhama. Maikrofoni ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kwenye kurekodi, tangu 1925. Ilileta uhuru, maana mtu sasa angeweza kunong'ona na kusikika. Lakini ilimwacha mwimbaji peke yake na swali la "je, nimehisi vya kutosha?" ambalo hapo zamani umati ulikuwa unamjibia papo hapo.

Narudi kwenye ule mkesha. Mtu akilia kweli, koo hubana.  Ukiimba saa 6 koo likiwa katika hali hiyo, nyuzi zinasuguana kwa nguvu, zinavimba, na zikivimba hazikutani vizuri, ndipo mkwaruzo. (Ukikauka zaidi ya wiki 3, msomaji, usinywe tangawizi tu, nenda ukaangaliwe koo.) Mdogo wangu alikuwa anajihisi mwenyewe kwa nguvu zote, na watu wa safu ya nyuma, nilipodadisi, hawakuwa wamesikia maneno.

Mwezi wa 7 nilikwenda Songwa. Mama mdogo alikuwa anachuma pamba. Nilimsimamisha binti hatua kama 60 kutoka kwa mama yake, upepo ukivuma kutoka pembeni, nikamwambia amwimbie wimbo aliotunga, asipige kelele. Mara ya kwanza mama hakuinua hata kichwa. Mara ya pili akatumia pumzi ya mwalimu, mama akainuka, akashika kiuno, akauliza, "Unamwita nani?" Mara ya tatu aliimba akimtazama mama, akipunguza mwendo kwenye maneno. Mama mdogo akasikiliza mpaka mwisho na mkono wake umejaa pamba.

"Nimekusikia," akajibu. "Ila pale kwa yule ng'ombe hujatamka vizuri. Alipotea au aliuzwa?"

Binti akarudi nyuma hatua 10, akaanza upya.