Fundi Asiyetaja Jina Lake

Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, nayo yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Yanamtaja pia mtukufu aliyeamrisha msikiti ujengwe. Aliyeshika patasi hakutajwa. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa aghalabu katika sanaa ya pwani kwa karne nyingi: tarehe imehifadhiwa, mwenye mali amehifadhiwa, fundi amenyamaza. Atakaye kujua mafundi hao walipata wapi ilhamu na walifanyaje kazi yao, hana budi kuisoma kazi yenyewe.

Jiwe la Kizimkazi linasomeka. Mtindo wa herufi zake unakaribiana na ule wa Siraf, bandari ya kale ya Uajemi, lakini mata yake ni ya bahari hii hii. Matumbawe ya kuchonga hutolewa majini yangali mabichi, na hapo huwa laini na kuipokea patasi. Yakishapigwa na upepo hukauka na kuwa magumu. Umbo, basi, lilipanda jahazi kutoka Ghuba, na mbinu ikafunzwa na maji ya hapa.

Matumbawe hayo hayo yalizaa sanaa ya pili. Yakichomwa juu ya kuni nyingi hugeuka chokaa, nayo huzimwa kwa maji na kuachwa itulie kabla ya kupakwa ukutani. Katika majumba ya Pate na Lamu ya karne ya 18 fundi alichora nakshi zake kwa kisu juu ya lipu ingali mbichi, akapanga zidaka safu juu ya safu katika vyumba vya ndani, pahala pa kuwekea vyombo vya kaure. Kingo alizikata mshazari, ili mwanga haba wa chumba upate kivuli cha kuchezea. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alizitaja zidaka za Pate zilipokwisha kuwa viota vya ndege. Mshairi aliona ndani yake mwisho wa dunia na fahari zake. Fundi, kabla yake, aliona kivuli kitaangukia wapi. Wote wawili waliutazama ukuta mmoja.

Huko huko kisiwani Pate, mji wa Siyu ulisifika kwa mafundi wa ngozi, wa mbao na kwa wanakili wa misahafu. Katika misahafu ya Siyu wino mweusi unaibeba Aya, na mwekundu na manjano yanazipamba fremu na alama za pambizoni. Maua na mizabibu iliyosukwa katika kurasa hizo ni jamaa ya ile ya ukutani na ya milangoni. Nakshi ya pwani ilikuwa lugha moja yenye lahaja nyingi: kalamu iliitamka kwa namna yake, kisu kwa namna yake.

Unguja ya karne ya 19 iliitamka kwa mbao. Mlango una miimo yake, kizingiti chake, mfaa katikati na njumu za shaba usoni. Milango ya mtindo wa Kiomani ilikuwa na kizingiti kilichonyooka. Baadaye, zama za Sayyid Barghash (1870–1888), ikazidi milango yenye tao juu, kwa athari ya mafundi wa Kihindi. Siku hizi mgeni huambiwa kwamba samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi na mtende ni neema. Maana hizo hutolewa kwa uhakika ambao mbao zenyewe haziutoi. Kilichoandikwa kizingitini aghalabu ni Aya, na pengine tarehe.

Mwishoni mwa karne hiyo ikaja kanga, mtoto wa leso. Kanga ina pindo, mji na jina. Huko Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, liliieneza kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla". Maneno yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Mchoraji wa mji na pindo hakutajwa, kama mwenziwe wa Kizimkazi. Lakini hapa mwanamke anayechagua kanga amelichagua neno, na kulivaa ni kulisema. Maneno hayo huitwa jina, na si jina la mtu yeyote.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka. Mlango nao ukiuzwa hubaki na tarehe yake, lakini hupoteza nyumba, mtaa na jirani aliyejua ni nani aliuchonga. Waliotangulia hawawezi kuulizwa tena. Wachongaji wa leo wa Unguja na Lamu wangali wakiinua patasi. Wanajua ni mti upi unaokubali ua na ni mkono wa nani uliowafunza. Waulizwe wangali hai, na jawabu liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa.