Bustani za Maua za Zamani: Tunazirudisha kwa Faida ya Nani?

Tukitaja mila, wengi wetu hapa Goma tunafikiria ngoma, mahari, chakula na hadithi za wazee. Maua hayamo. Watu wanasema tu: «Maua njo mambo ya bazungu.» Lakini bustani nayo ni historia. Inaonyesha nani alikuwa na udongo, nani aliulima, na nani alikaa kivulini.

Mtindo wa bustani ambao wakoloni wengi walipenda ulitokea Uingereza, wakati wa Malkia Victoria aliyetawala kuanzia 1837 mpaka 1901. Ni majani yaliyokatwa sawasawa, njia zenye kunyooka, na maua yaliyopangwa kwa rangi. Mashine ya kukata majani ilitengenezwa na Edwin Budding mwaka 1830. Karibu na wakati ule, daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aligundua kwamba mmea unaweza kuishi ndani ya sanduku la vioo lililofungwa. Kwa masanduku yale mimea ilisafiri baharini miezi mingi bila kufa. Kumbe hata maua tunayodhani ni ya Ulaya ni wageni kule: dalia lilitoka Mexico, bugenvilia na jakaranda Amerika ya Kusini.

Mfano ulio karibu nasi uko ng'ambo ya mpaka, Mugongo, kwenye miinuko ya volkano upande wa Gisenyi. Rosamond Halsey Carr alizaliwa Marekani mwaka 1912, akafanya kazi ya kuchora mitindo ya nguo New York. Mwaka 1949 alifika Kongo pamoja na bwana yake, Mwingereza, wakaishi Kivu kwenye shamba la pareto. Ndoa ilivunjika. Mwaka 1955 akaenda Mugongo kusimamia shamba, na baadaye likawa lake. Mbele ya nyumba alipanda bustani ya mtindo wa Kiingereza. Kongo ikapata uhuru 1960, Rwanda 1962, walowezi wengi wakaondoka, yeye akabaki. Pareto ilipoacha kuleta faida, maua njo yalilisha nyumba, maana aliyauza katika mahoteli.

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, aliondolewa Rwanda. Aliporudi miezi michache baadaye, nyumba ilikuwa imeporwa. Alikuwa na miaka 82. Mwezi wa Desemba 1994 alifungua kituo cha watoto yatima, Imbabazi, ndani ya jengo la kukaushia pareto. Mwaka 1997 vita ya waasi upande ule iliwahamisha mpaka Gisenyi, na mwaka 2005 kituo kikarudi Mugongo. Yeye alifariki Septemba 2006. Basi ile bustani ilirudishwa pembeni ya watoto waliopoteza wazazi. Hapo ndipo swali linakuwa gumu: tunarudisha uzuri wa wakoloni, ao tunarudisha mahali mtu anaweza kupumua?

Jibu linaanzia kwa mikono. Msimamizi wa shamba, Sembagare, aliishi na kazi ya Mugongo kwa makumi ya miaka pamoja na Bibi Carr. Kwetu pia, katika nyumba za wakoloni, mwenye nyumba alichagua maua, lakini wenye jembe na kupekupe walikuwa baba zetu. Wao njo walijua mmea gani unakufa na baridi, mbegu gani inataka kivuli. Kwa hiyo anayesema bustani ile si yetu anawanyima baba zetu jasho lao. Na anayeisifu bila kutaja wale wafanyakazi, anawanyima vilevile.

Tena, desturi ya kutunza makao ya zamani kwa mimea haikuletwa na meli. Katika Rwanda ya kale, ua wa nyumba ya mfalme ulijengwa kwa miti ya umuvumu. Watu wakihama, miti inaendelea kukua, na mahali pale panaitwa ikigabiro. Watu wanajua: hapa paliishi mfalme. Mti wa umuko nao, wenye maua mekundu, unaheshimiwa kwa sababu ya masimulizi ya Ryangombe.

Tuangalie Zanzibar pia. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa 1936 kwa yubile ya Sultani Khalifa bin Harub. Ilipochakaa, Shirika la Utamaduni la Aga Khan liliitengeneza upya, ikafunguliwa tena 2009. Haikufungwa kwa ukuta. Wauza samaki na mishikaki wa usiku walirudi palepale.

Na Goma? Januari 2002 Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya mji kwa mawe, na 2021 ikatoka tena. Hapa mtu akitaka maua kwenye parseli yake, lazima avunje jiwe kwanza, kisha anunue udongo uletwe na lori ao chukudu. Nyumba za zamani zenye kiwanja kikubwa zinakatwa vipandevipande. Kama siku moja tutapata nafasi ya kurudisha hata moja, tutafute picha za zamani, tuulize wazee waliofanya kazi pale, tufuate mistari ya mawe na visiki. Tusirudishe kila kitu: lantana, kwa mfano, ililetwa kama ua la kupendeza, leo inasonga malisho na misitu ya Afrika Mashariki. Pembeni ya waridi tupande umuko na umuvumu. Mlangoni tuandike majina ya waliolima. Na ule mlango usifungwe: watoto wa kartie waingie, wakae kwenye majani.