Foleni na Maji: Historia ya Modeli za Uigaji na Maana Yake kwa Wagonjwa wa Kiegeani, Mafia

Modeli za uigaji zinazotumika kupanga mtiririko wa wagonjwa hospitalini zilizaliwa mijini. Insha hii inadai kwamba dhana mbili zilizorithiwa kutoka huko, yaani kwamba wagonjwa hufika mmoja mmoja na kwamba njia ya rufaa iko wazi wakati wote, hazifai kuchukuliwa kama zilivyo kwa wakazi wa Kiegeani, kisiwani Mafia.

Msingi wa modeli hizi uliwekwa mwaka 1909, pale A. K. Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alipochapisha maelezo ya kihisabati kuhusu simu zinazoingia kwa nasibu. Mwaka 1952 Norman Bailey alizipeleka fikra za foleni katika kliniki za wagonjwa wa nje nchini Uingereza. Kwa kutumia nambari za nasibu, aliiga mahudhurio ya kliniki na kuonesha kuwa wagonjwa walisubiri mno kwa sababu miadi ilipangwa ili daktari asikae bure. Alipendekeza wagonjwa wawili waitwe mwanzoni, na waliosalia wapishane kwa wastani wa muda wa kumwona daktari.

Umuhimu wa uigaji unaonekana katika mfano wa kinadharia. Tuchukue chumba kimoja chenye uwezo wa kuhudumia wastani wa wagonjwa 10 kwa saa, ambapo ufikaji na muda wa huduma hubadilika kwa nasibu. Wakifika 8 kwa saa, kila mmoja hutumia wastani wa nusu saa tangu kufika hadi kuondoka. Wakifika 9, hutumia saa nzima. Ongezeko la mgonjwa mmoja tu kwa saa limerudufu muda huo, ingawa chumba bado kina uwezo wa ziada.

Nchini Tanzania, mipango ya afya ilifuata kipimo kingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mkazo ulielekezwa vijijini. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Kipimo hicho cha majengo na umbali kilikuwa na haki yake, kwani umbali ulikuwa kikwazo kilichoonekana wazi. Hata hivyo, hakikujibu swali la muda: mgonjwa akishafika, atasubiri kwa kiasi gani, na akipewa rufaa, ataondoka lini?

Kwa Mafia, swali hilo haliwezi kutenganishwa na bahari. Mwaka 1913 utawala wa Kijerumani ulihamisha makao yake kutoka Chole hadi Kilindoni, na hospitali ya wilaya leo iko Kilindoni. Wagonjwa wa Kiegeani huifikia kwa nchi kavu, lakini foleni wanayoikuta hupangwa pia na maji. Vyombo kutoka Chole, Juani na Jibondo husafiri kwa kufuata kupwa na kujaa; abiria wake hushuka pamoja, nao huongeza foleni kwa mkupuo. Kwa upande wa kutoka, rufaa ya kwenda bara huvuka mkondo hadi Nyamisati au hutegemea ndege. Mama mwenye uchungu pingamizi anayehitaji rufaa usiku husubiri chombo na hali ya bahari, hata kama wodi ina kitanda na mkunga yupo.

Kwa hiyo, modeli ya Mafia inapaswa kuingiza jedwali la maji, ratiba za vyombo na saa ambayo uamuzi wa rufaa hutolewa. Bila hayo, uigaji unaweza kupendekeza vitanda zaidi mahali ambapo kinachohitajika ni uamuzi wa mapema na chombo kilicho tayari. Takwimu za kuanzia si ngumu kupatikana: saa ya kufika, saa ya kuonwa na saa ya kuondoka, zikiandikwa katika rejista kwa kila mgonjwa.