Onyo la 1978 na Upepo Uliovunja Barafu

Wengi wetu tunajua barafu ya ncha za dunia inayeyuka. Mimi nataka tuongee kuhusu mtu aliyesema mapema itaanzia wapi.

Mwaka wa 1978, John Mercer wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, aliandika katika jarida la Nature kwamba tukizidi kuchoma makaa na mafuta, barafu ya Antaktika Magharibi itakuwa hatarini. Akataja na dalili ya kuangalia: barafu inayoelea kando ya Rasi ya Antaktika itavunjika, ikianzia kaskazini ikielekea kusini. Alifariki 1987. Mwaka wa 1995 Larsen A ikavunjika. Mwaka wa 2002 ikafuata jirani yake wa kusini, Larsen B: kilomita 3,250 za mraba, zaidi ya Nairobi nne, zikasambaratika kwa wiki chache tu.

Hebu cheki hapa. Modeli za hali ya hewa za dunia nzima huigawa dunia katika miraba, mara nyingi yenye upande wa kilomita 100 hivi. Kwa miraba mikubwa hivyo, milima ya rasi nyembamba kama ile inalazwa, inabaki kilima tu. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wakatumia modeli ya kikanda, RACMO, yenye miraba ya kilomita 5.5. Hapo milima inasimama, na upepo unaonekana: unapanda kutoka magharibi, unamwaga unyevu wake huko, kisha unateremka mashariki ukiwa mkavu na wenye joto, juu ya barafu ya Larsen. Barafu inayeyuka juu, maji yanajaa kwenye nyufa na kuzipasua hadi chini.

Barafu inayoelea ikivunjika haiinui bahari sana. Shida ni kwamba ilikuwa kizuizi. Larsen B ilipoondoka, mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake ikaongeza kasi, na hiyo ndiyo inaleta maji mapya baharini.

Kwa hivyo mtu akiniambia modeli ni kubahatisha tu, mimi namrudisha kwa Mercer. Bahari ni moja, na maji ya kule yanahesabika mpaka Lamu. Sisi pia tudai hesabu za miraba midogo kwa pwani yetu, na tuzisome kabla ya maji kufika. Kati ya onyo lile na Larsen B dunia ilipewa miaka 24. Wewe unaona tuliitumia aje?