Nani Aulize? Mashine, Mwanafunzi na Lugha ya Darasani

Mijadala kuhusu nafasi ya akili bandia shuleni, au akili mnemba kama wengine wanavyopendelea kuiita, aghalabu huichukulia kuwa jambo lililozuka ghafla. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, mashine ya kufundishia ilikuwa tayari na umri wa takriban miaka mia moja. Katika muda wote huo limekuwapo suala moja la msingi: nani aulize, na kwa lugha gani?

Katikati ya miaka ya 1920, mwanasaikolojia Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alibuni kifaa chenye vibonye vinne. Mwanafunzi alisoma swali na kuchagua jibu moja kati ya manne. Kifaa kilipotumiwa kufundishia, swali lililofuata halikujitokeza mpaka abonyeze jibu sahihi. B. F. Skinner wa Harvard, katika makala yake ya mwaka 1958, alitetea mashine iliyomtaka mwanafunzi aandike jibu lake mwenyewe badala ya kulichagua. Hata hivyo, mwanafunzi alibaki kuwa mjibuji. Mashine hizo hazikuelewa lugha yoyote, na kwa sababu hiyo hazikuibagua lugha yoyote: maswali ya Kiswahili yangeweza kuchapwa katika karatasi zake sawa na ya Kiingereza.

Badiliko kubwa lilitokea mwaka 1970, Jaime Carbonell alipoeleza programu yake iitwayo SCHOLAR, iliyofundisha jiografia ya Amerika ya Kusini. Badala ya kuhifadhi maswali na majibu yaliyokwisha kuandaliwa, programu hiyo ilihifadhi maarifa yenyewe katika mtandao wa dhana zinazohusiana, kisha ikatunga maswali kutokana nayo. Jambo la maana zaidi ni kwamba mwanafunzi naye aliweza kuuliza. Lakini haki hiyo ilikuja na sharti lake: kuuliza kulihitaji lugha ambayo mashine inaielewa, na lugha hiyo ilikuwa Kiingereza.

Sharti hilo halijaondoka. Programu za leo hujifunza lugha kutokana na wingi wa maandishi, na maandishi ya Kiingereza ndiyo mengi kuliko ya lugha nyingine yoyote. Hujibu kwa Kiswahili pia, ila Kiswahili wanachokitoa ni kile kilichobahatika kuandikwa na kukusanywa.

Afrika Mashariki imewahi kuamuliwa lugha ya shule kwa namna hiyo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar ilisanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja, na kukagua vitabu vya shule ili vifuate usanifu huo. Faida yake ni dhahiri: vitabu viliweza kusomwa katika nchi zote nne. Hasara yake nayo inajulikana: Kimvita na lahaja nyingine zenye fasihi kongwe zilisukumwa pembeni.

Tofauti ni kwamba kamati ilikuwa na kumbukumbu na maamuzi yanayoweza kujadiliwa, ilhali programu husanifisha bila kutangaza kanuni. Mwanafunzi akiandika "kitabu ile", programu itaweza kumrekebisha: "kitabu kile". Mwalimu mzoefu husikia zaidi ya kosa. Hutambua Kiswahili cha mazungumzo cha sehemu nyingi za bara, ambamo upatanisho wa ngeli hupungua kwa utaratibu wake, na humwonyesha mtoto njia ya kutoka usemi wa nyumbani hadi usanifu wa shule bila kumtahayarisha kwa usemi huo.

Maarifa hayo ya mwalimu kwa sehemu kubwa hayajaandikwa. Yamo katika madaftari yaliyosahihishwa na maelezo yatolewayo ubaoni kisha yakafutwa. Yasipokusanywa, kwa idhini ya wenyewe, na kufanyiwa uchambuzi wa kiisimu, mtoto wa Kiswahili atapewa haki ya kuuliza mashine, lakini atalazimika kwanza kuacha namna yake ya kuuliza.