Kesi ya Trovan

Kesi ya Trovan ni jina la jumla la mashauri yaliyofunguliwa Nigeria na Marekani dhidi ya kampuni ya dawa ya Pfizer, kufuatia jaribio la antibayotiki lililofanywa kwa watoto 200 mjini Kano mwezi Aprili 1996. Ni matukio machache ya Afrika ambamo utafiti, biashara na sheria vimegongana waziwazi kiasi hiki, na anayejifunza haki na maadili katika mojawapo ya fani hizo hana budi kuifahamu kesi hii.

Mwaka huo Nigeria ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo. Watu zaidi ya 100,000 waliugua na zaidi ya 11,000 wakafariki. Wagonjwa walifurika katika Hospitali ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Kano, ambako shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa likiwatibu bila malipo kwa kloramfenikoli, dawa nafuu iliyozoeleka kwa ugonjwa huo. Katika hospitali hiyohiyo kikafika kikosi cha Pfizer kikiwa na trovafloksasini, yenye jina la biashara Trovan, dawa ambayo wakati huo haikuwa imeidhinishwa kuuzwa. Watoto 100 walipewa Trovan. Wengine 100 walipewa seftriaksoni, dawa ambayo nguvu yake ilikwisha kujulikana, ili matokeo yalinganishwe.

Watoto 11 walifariki: watano wa kundi la Trovan na sita wa kundi la seftriaksoni. Familia zilidai kwamba wengine walibaki vipofu, viziwi, waliopooza au wenye madhara ya ubongo, na kwamba dozi ya seftriaksoni ilipunguzwa ili Trovan ionekane bora. Kampuni ilikana. Ilisema dozi ilitosha, madhara yalitokana na ugonjwa wenyewe, na vifo vilikuwa vichache kuliko vya wagonjwa wengine wa mlipuko huo. Ubishi huu wa hesabu umepewa nafasi kubwa kuliko unavyostahili. Homa ya uti wa mgongo huua hata mgonjwa aliyetibiwa vizuri, na aliyepona pengine humwacha kiziwi. Idadi hizo peke yake haziwezi kumtia mtu hatiani wala kumsafisha.

Jambo zito ni ridhaa. Kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, zinataka anayefanyiwa jaribio akubali kwa hiari yake huku akielewa anachokubali. Azimio la Helsinki la 1964 likaongeza kwamba mtoto huridhiwa na mlezi wake wa kisheria. Pfizer ilisema wauguzi waliwaeleza wazazi kwa Kihausa, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, walikubali kwa mdomo. Ridhaa ya mdomo si kosa, mradi iwe na shahidi na kumbukumbu. Lakini wazazi walisema hawakuambiwa kwamba hilo lilikuwa jaribio, wala kwamba wangeweza kukataa na mtoto akatibiwa bure kwa dawa ya kawaida papo hapo hospitalini. Uzito wote wa shauri uko hapa. Mama aliyebeba mtoto mwenye degedege humwona kila aliyevaa koti jeupe kuwa tabibu. Asipofafanuliwa, kwa lugha yake, tofauti ya kutibiwa na kufanyiwa utafiti, hakuna alichoridhia hata kama ameitikia kwa kichwa.

Kibali nacho kilikuwa na kasoro. Kampuni ilionyesha barua yenye tarehe 28 Machi 1996, iliyosema kuwa kamati ya maadili ya hospitali ya rufaa ya chuo kikuu mjini Kano imeruhusu jaribio hilo. Uchunguzi uliofuata ripoti za gazeti la Washington Post za Desemba 2000 ulionyesha kuwa wakati huo hospitali hiyo haikuwa na kamati ya maadili, na kwamba barua iliandikwa baadaye ikapachikwa tarehe ya nyuma.

Mwaka 2001 familia zilifungua kesi New York, zikitumia sheria ya Marekani ya 1789 inayomruhusu mgeni kudai fidia kwa uvunjaji wa sheria ya kimataifa. Mahakama ya chini iliitupa. Tarehe 30 Januari 2009 Mahakama ya Rufaa, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, iliirudisha. Ilitamka kwamba marufuku ya kumfanyia binadamu majaribio ya tiba bila ridhaa yake ni sehemu ya sheria ya kimataifa ya desturi, na kwamba kampuni binafsi iliyoshirikiana na serikali inaweza kushtakiwa kwa kuivunja. Kwa wanasheria huu ndio urithi mkubwa wa kesi hii, ingawa mwaka 2013, katika shauri la Kiobel, Mahakama Kuu ya Marekani iliufinya sana mlango huo kwa matukio ya nje ya nchi.

Nchini Nigeria, jimbo la Kano na serikali ya shirikisho zilifungua mashauri yao mwaka 2007. Julai 2009 Pfizer na Kano zilipatana kwa dola milioni 75: milioni 35 za waathirika, milioni 30 za miradi ya afya na milioni 10 za gharama za kisheria. Kampuni haikukiri kosa. Waliodai fidia walitakiwa kupimwa DNA, na familia nne za kwanza zililipwa dola 175,000 kila moja Agosti 2011, miaka 15 baada ya jaribio.

Hasara nyingine haikuingia katika mapatano yoyote. Mwaka 2003 Kano ilisimamisha chanjo ya polio kwa miezi kadhaa, na kumbukumbu ya Trovan ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokoleza uvumi kwamba chanjo hiyo ilikuwa na madhara ya siri. Virusi vya kaskazini mwa Nigeria vikaenea hadi nchi zilizokuwa zimekwisha kuvitokomeza. Watoto ambao wazazi wao hawajapata kulisikia jina la dawa hiyo walipooza. Kozi za maadili ya biashara zinazoipima kesi hii kwa dola milioni 75 tu zinaacha nje sehemu kubwa ya deni.

Trovan yenyewe iliidhinishwa Marekani Desemba 1997 kwa watu wazima pekee. Mwaka 1999 matumizi yake yalibanwa kwa sababu ya madhara ya ini, na Ulaya ikaisimamisha. Hakuna mahakama, ya Nigeria wala ya Marekani, iliyowahi kusikiliza ushahidi wote na kuamua kama wazazi wa Kano waliridhia.