Ujima: Neno na Kazi Yake

Ujima asili yake ni shambani. Mvua haingoji jembe moja. Kwa hiyo mkulima aliwaalika majirani, wakalima pamoja, naye akawaandalia chakula. Deni lake hakulilipa kwa fedha, bali kwa kwenda kulima kwao. Mwaka 1966, huko Marekani, Maulana Karenga aliliteua neno hilo kuwa kanuni ya tatu ya Kwanzaa. Nchini Tanzania, vitabu vya historia vimelifanya jina la zama za kale, kabla ya utumwa na ukabaila. Hapo pana hatari: mwanafunzi ajifunzaye kuwa ujima ulikwisha hataitambua kazi ya majirani wanaolimiana hata leo, wala hataona kwamba chakula cha kijiji kilitegemea ahadi kabla ya kutegemea soko.